Hiyo Kijani Mnayoposti Ni Njaa

Wiki jana msee mmoja aliacha komenti chini ya vidio yangu ya zamani: ati "ushago ikifika spring ni mbinguni ndogo, natamani kuhamia." Ilipata laiki mia tatu na kitu. Nilicheka, alafu nikakasirika, na bado sijapoa, kwa hivyo leo mtanivumilia.

Kwanza tutoe hiyo ya spring. Kenya haina spring. Ikweta inapita hapo Maseno, si mbali sana na kwetu, na hakuna theluji huku ya kuyeyuka ndio maua yatoke. Tuko na masika. Mvua inaanza Machi, Aprili inakolea, Mei inanyesha mpaka unasahau viatu vyako vilikuwa rangi gani. Mimi niko Malava, kaunti ya Kakamega, kwa kukhu wangu, na mvua ya huku iko na tabia yake. Asubuhi jua kali, unafua, unaanika, unajiona mjanja. Ikifika saa tisa mchana wingu jeusi linapanda, na usipokimbia kuanua, hizo nguo utazifua tena kesho.

Na ndio, kila kitu ni kijani. Mahindi, miwa, migomba, nyasi za kando ya njia. Ukitoa simu hata bila filta picha inatoka kama kalenda ya ukutani. Hiyo sikatai. Ninachosema ni kimoja, na nitakisema polepole ndio kiingie: wakati ushago iko kijani zaidi ndio wakati haina chakula. Hiyo picha mnayoita mbinguni, watu wa huku wanaijua kama miezi ya njaa. Mahindi yako shambani, yamesimama vizuri, yanapendeza, na hayaliki.

Najua hamjui, kwa sababu hata mimi sikujua. Nimelelewa Kayole. Ushago kwangu ilikuwa ni Desemba peke yake. Desemba unapata ghala liko na kitu, kuku wako wengi, watu wako na muda wa kukaa chini ya mwembe. Ukienda ushago Desemba kila mwaka kwa miaka ishirini unaanza kuamini ushago ni Desemba siku zote. Alafu mwaka wa pili wa chuo karo ikanishinda, na nikisema ukweli hata ile kozi ilikuwa inanishinda, nikakuja huku "kwa wiki mbili nipange maisha." Hii ni masika yangu ya pili.

Sasa tupige hesabu, na msiruke hii sehemu.

Shamba la kukhu ni robo tatu ya ekari. Mwaka jana, mwisho wa Agosti, tulivuna magunia manane ya kilo 90. Manane! Nilikuwa nimepiga picha nimeyakalia kama mfalme. Gunia moja likaenda kwa walioturushia mkono kuvuna na kupukuchua. Matatu yakauzwa Septemba, hata hayajakauka vizuri, kwa sababu muhula wa tatu ulikuwa umefunguliwa na watoto wa senje walikuwa wanarudishwa nyumbani. Mnunuzi akaja na pikapu yake, akaangalia, akasema 3,000 kwa gunia, na kwa vile anajua karo haingoji, hakuongeza hata shilingi.

Yakabaki manne. Gunia la kilo 90 linatoa gorogoro 45, kwa hivyo tulikuwa na gorogoro 180. Nyumba yetu ni watu sita: kukhu, senje, watoto wake watatu, na mimi msomi aliyestaafu mapema. Gorogoro moja ni siku moja, mkijibana. Siku 180 kutoka Septemba mosi zinaisha wapi? Mwisho wa Februari. Yaani ghala linakauka wiki ileile mvua inakaribia na pesa ya mbegu na mbolea inahitajika. Mtu hawezi kupanga kitu kibaya hivyo hata akijaribu.

Kutoka hapo mpaka mavuno unanunua. Mwezi huu gorogoro hapa sokoni ni 110. Zidisha mara 45: ni 4,950. Gunia tulilouza 3,000 tunalirudisha nyumbani kwa 4,950, kwa mkebe, siku kwa siku, na siku zingine kwa deni. Mwenye duka ana kitabu, na jina la kukhu liko karibu kila ukurasa. Na kukhu si mvivu, na hajui hesabu vibaya. Anaijua kuniliko, alinifunza yeye. Ni vile karo iko na tarehe na mahindi yako na tarehe, na hizo tarehe hazijawahi kukutana.

Sasa kabla mniite mchungu, wacha niseme raha, kwa sababu raha iko, na ni kubwa kuliko zile za vidio.

Raha nambari moja ni maji. Nyinyi mkiskia mvua kwa mabati mnafikiria usingizi. Senje akiiskia anatoka mbio usiku wa manane na masufuria, ndoo, karai, hata lile beseni la kuogeshea mtoto, anazipanga chini ya paa. Kwa nini? Kwa sababu kila ndoo ikijaa hapo ni safari moja ya kisimani haendi kesho, na njia ya kisimani ni mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Hiyo sauti ya maji yakiingia kwa karai ndio muziki. Ndio ile mnawekea piano.

Raha nambari mbili ni chiswa. Wale hawajui, ni kumbikumbi, na nawahurumia. Mvua ikinyesha vizuri, wanatoka kichuguuni kwa maelfu, mabawa yanang'aa, na kijiji kizima kinakuwa kichaa. Kuna wale wanatoka wenyewe, na kuna wale unawadanganya: unafunika kichuguu na blanketi na majani ya migomba, unaacha mlango, unapiga vijiti chini taratibu, tatatatata, wanafikiria ni mvua, wanatoka. Unawakaanga bila mafuta, mafuta wako nayo wenyewe, unaweka chumvi, unaanika kidogo. Na ugali. Walai sijakula kitu hapo Nairobi kinachokaribia. Lakini skizeni vizuri: kila kichuguu kiko na mwenyewe. Mwaka jana nilichota kwa kichuguu cha jirani nikidhani ni vya Mungu tu, na kukhu alienda kuomba msamaha kwa niaba yangu akiwa na leso ya kutokea. Nilijifunza hapo kwamba kitu kinachofanana na pori, huku, ni mali ya mtu, ni mboga ya mtu ya wiki hiyo.

Na kuna ile asubuhi ya palizi, majirani wakija kwa zamu, leo kwetu kesho kwao, majembe nane kwa mstari mmoja, mtu akianzisha wimbo, na udongo unanuka ile harufu. Mgongo unauma mpaka meno. Siwezi kuibadilisha na kitu.

Lakini hizo zote zinaingia tumboni mwa kazi, na kazi iko na gharama, na hapo ndipo nyinyi na mimi tunakosana.

Mimi nilikuwa wa kwanza kukosea, kwa hivyo nitaanza na mimi. Ile vidio mnaijua. Sekunde thelathini, ukungu, kukhu anachuma mrenda na kunde, moshi unatoka kwa paa la jikoni, piano. Watu laki nne waliitazama. Huo moshi mliopenda ulikuwa kuni mbichi, kwa sababu kavu ziliisha, na kukhu alikuwa anakohoa, nikakata sauti ya kikohozi nikaweka piano. Alikuwa anachuma mrenda na kunde kwa sababu huo ndio ulikuwa mlo wote. Asubuhi hiyo duka lilikuwa limekataa kuongeza deni. Mimi nilijua, na niliposti. Mtu mmoja anayeuza nguo akanitumia 2,000 nitaje jina lake kwa vidio inayofuata. Nikanunua bando na taa ya kurekodia. Taa yenyewe haina kazi, stima inapotea huku radi ikikohoa tu.

Sasa Pasaka.

Binamu zangu walikuja kutoka Nairobi, sita, na marafiki wawili wa kuona "ushago halisi." Nawapenda, ni damu yangu, na najua wanasoma hii. Walikaa siku nne. Kwetu mgeni haambiwi hakuna. Hiyo si methali, ni sheria. Mgeni akifika, kuku anachinjwa, na kukhu alichinja watatu, mmoja akiwa ameatamia mayai kumi na moja. Chai ya maziwa asubuhi na jioni. Mkate. Mchele, kwa sababu mmoja wenu halali na ugali. Kreti ya soda. Rafiki mmoja akapewa imondo, sehemu ya heshima kabisa ya kuku, akairekodi akiuliza ni nini hii, watu wakacheka. Wakapiga picha kwa mahindi, yalikuwa yanafika magotini, kijani kabisa. Wakaandika chini yake: "Huku hakuna stresi." Wakaondoka Jumatatu. Mmoja alimwachia kukhu 200. Wengine walimkumbatia.

Wiki tatu baadaye mahindi yakaanza kugeuka manjano. Kwanza majani ya chini, kutoka kwa ncha, ile manjano inaingia katikati ya jani kama herufi V. Kama hujawahi kulima: unapanda na DAP, alafu yakifika magotini unaweka CAN, kwa sababu mvua kama hii yetu inaosha rutuba inaenda nayo. Usipoweka, yanakuwa marefu na bure. Nikamuuliza, "Kukhu, mbona hatujaweka mbolea ya pili?" Pesa nilijua iko, 2,700 amefunga kwa pembe ya leso tangu Februari, aliuza jogoo na ndizi ndio akaipata. Kukhu huniita mume wangu, vile kukhu wa huku wanavyoita wajukuu. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kitu cha wazi.

"Mume wangu, si wageni walikuja."

Hivyo tu. Hakuwa na hasira. Akaendelea kuchambua mboga.

Mimi ndio niko na hasira, na sitaomba msamaha kwa hiyo. Kwa sababu hakuna mmoja wenu mbaya. Hiyo ndio inauma. Mlikuja na roho safi, mkaona kijani, mkadhani kijani ni chakula, mkala mbolea. Mlikula magunia mawili au matatu ya Agosti kwa siku nne na soda juu, na hakuna mtu angewaambia, kwa sababu angewaambia angeonekana ni yeye amekosa adabu.

Mtasema basi tusikuje. Nani amesema hivyo? Kukhu anahesabu siku mpaka mje. Wiki nzima kabla ya Pasaka alikuwa anapaka jiko udongo upya kwa sababu yenu.

Na hii si ya binamu zangu peke yao. Kuna wakubwa wanasimama kwa jukwaa wakisema vijana warudi ushago wakalime, pesa iko kwa udongo. Hao pia wanaona kijani tu, tofauti ni kwamba wanaionea kwa dirisha la gari. Nilime wapi? Hiyo robo tatu ekari ni kile kilibaki babu alipogawia vijana wake wanne. Sisi wajukuu tukigawana, kila mtu anapata mahali pa kitanda na mti mmoja. Mbolea ya ruzuku iko, sawa, tangu 2023 ni 2,500 mfuko wa kilo 50, na hiyo imesaidia, sitadanganya. Lakini ujiandikishe, ungoje ujumbe kwa simu, alafu ufuate mfuko mahali unapochukuliwa, na nduthi ambayo kiangazi ni 100 sasa ni 200, na bado unashuka kusukuma, kwa sababu hii njia yetu imeahidiwa murram tangu nikiwa nasari. Na mwaka wa 2024 watu walifanya hayo yote wakapata mbolea feki. Serikali yenyewe ilikubali, ikasema itafidia. Mei hiyo bunge likapiga kura kumng'oa waziri wa kilimo, Mithika Linturi, kamati ikasikiliza ikasema hakuna kosa lililothibitishwa. Mkulima wa mwaka huo yeye alivuna kile alipanda, na alipanda mchanga.

Ongeza viwavi jeshi, ambao walifika Kenya 2017 na hawajawahi kutafuta nauli ya kurudi. Mimi sasa ni mtu anayeamka saa kumi na mbili kukagua mahindi shina kwa shina. Najua mavi ya kiwavi yanafanana na vumbi la mbao. Nawaponda na vidole. Mama yangu alilipa karo ya miaka miwili nifike hapa, na bado nasema hii ndio kazi ya kwanza nimefanya yenye nikiacha siku moja kitu kinakufa.

Kwa hivyo msiniambie mnatamani kuhamia. Ukitamani, kuja Mei, si Desemba. Kuja na gambuti. Na kama unakuja kutembea tu, hiyo ni sawa kabisa, lakini kabla hujapanda matatu, uliza kwa simu, na usimuulize kukhu, atakwambia kila kitu kiko. Muulize senje. Muulize yule binamu aliyebaki huku. Beba unga, si pakiti moja ya kuonyesha, beba bela nzima. Beba sukari, mafuta, sabuni, mchele kama wewe ndio halali na ugali. Soda nunua wewe. Kuku akikimbizwa sema umekatazwa nyama na daktari, danganya, Mungu ataelewa. Na pesa usiache 200 mkononi mbele ya watu kama tipu, tuma kwa M-Pesa wiki moja kabla, uandike ni ya mbolea, ndio aiwekee mbolea.

Alafu uje, na upige picha zote unataka. Mahindi yakiwa na rangi yake hata picha zinatoka vizuri.

Ile taa ya kurekodia nimeiuza 1,500 kwa kinyozi wa hapa sokoni, yeye ako na sola. Nikaongeza, nikapata CAN. Ni kuchelewa, kukhu amesema hivyo mara tatu tayari, mbolea ya kuchelewa inarudisha kidogo tu. Lakini tumeweka nusu ya shamba jana kabla ya saa tisa, kifuniko kimoja cha chupa kwa kila shina, na kesho asubuhi tunamalizia ile nusu ya chini, kama nduthi wa kuni hatatuita kusukuma.

Ile vidio ya piano nimeifuta. Wale mlikuwa mmeihifadhi, kwa sekunde ya kumi na tisa kukhu anageuza uso pembeni. Hapo ndipo alikuwa anakohoa.